Kishindo na Kiuno cha Nyoka

Katika bendi ya roki kila mtu hutazamwa isipokuwa mpiga drams. Yeye kazi yake ni kutazama. Amewekwa nyuma kabisa, amezungukwa na ngoma na matoazi kama tajiri mgonjwa aliyezungukwa na ndugu, na mbele yake hakuna hadhira wala mashabiki. Kuna makalio. Kishindo, mpiga drams wa kwanza wa Radi Kavu, aliyatazama makalio ya mwimbaji wake tangu bendi ilipoanza, na angeweza kuyachora huku amefumba macho.

Hakuwa mtovu wa adabu. Bendi ilikuwa na spika mbili, zote zimeelekezwa kwa watu, na moja ilikuwa mbovu. Kule nyuma mtu alikuwa hasikii kitu ila makelele yake mwenyewe. Basi Kishindo akawa anafuata kiuno. Mwimbaji waliyemwita Nyoka, kwa jinsi alivyojipinda, akipeleka kiuno kulia, Kishindo anakanyaga ngoma kubwa. Kikirudi kushoto, fimbo inashuka kwenye ngoma ndogo. Kikitikiswa mara mbili, matoazi yote yanapigwa kwa mpigo mmoja, na kina dada wa mstari wa mbele wanasahau walikuja na nani. Waandishi wa magazeti, watu waliojaliwa kalamu wakanyimwa macho, waliandika kwamba Nyoka anaitii ngoma kama mtoto anavyomtii mama yake. Kumbe ngoma ndiyo iliyokuwa inatii. Bendi nzima ilikuwa inaongozwa na suruali.

Wimbo wao wa kwanza, "Bati Linavuja", walirekodi kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro. Nyoka alicheza mle ndani kwa nguvu zake zote, peke yake, bila mtazamaji hata wa dawa, maana asingecheza wimbo ungepotea njia. Ukashika. Ukapigwa redioni, ukapigwa kwa vinyozi, ukapigwa kwenye harusi za watu ambao baadaye waliachana kwa kelele kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Kisha bendi ikaalikwa kuzunguka nchi za jirani, na Kishindo akaugua matubwitubwi.

Usicheke. Watu wa roki huangushwa na mambo makubwa, pombe, mapenzi, ajali za magari ya kifahari. Huyu wetu aliangushwa na ugonjwa wa watoto wa chekechea. Mashavu yakavimba kama ya mtu aliyemeza mipira miwili ikagoma kushuka. Nyoka alikuja kumwona akaishia mlangoni, leso puani.

"Pona, ndugu yangu. Tumepata mtu wa kukushikia kiti tu. Ukiinuka, kiti chako."

Wakamwita Spea huyo mshikia kiti. Akakishikilia barabara. Kishindo alipona, akaoa, akazaa, akazika mke, akapata mvi, na Spea bado alikuwa anamshikia.

Matubwitubwi hayakuondoka mikono mitupu. Yaliondoka na sikio la kushoto. Hili la kulia Kishindo alilimaliza mwenyewe kwa jasho lake, kwenye gereji ya kunyoosha bodi za magari, kwa kuwa alichokijua duniani ni kupiga, na ofisi za watu haziajiri mtu kwa sababu hiyo. Siku nzima nyundo juu ya mlango, nyundo juu ya boneti, na sikio limening'inia hapo hapo kama mgeni asiyejua kwake. Kidogo kidogo dunia ikapunguza sauti.

Hakumwambia mtu. Alijitengenezea jibu moja la kutosha mahitaji yote: "Ndiyo kabisa!" Ukimsalimu, ndiyo kabisa. Ukimuuliza spana iko wapi, ndiyo kabisa. Siku moja fundi wa rangi alimwambia kwamba mama mkwe wake amefariki. Kishindo akamtandika kofi la furaha mgongoni: "Hongera sana, ndugu yangu!" Bahati njema, fundi wa rangi na mama mkwe wake hawakuwa wakiivana, naye akaona angalau yupo mtu mmoja anayemwelewa.

Binti yake, msusi mwenye saluni ya viti viwili, ndiye aliyemkokota kwa daktari wa masikio. Daktari alipima, akaandika, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haihitaji masikio. Kilichobaki upande wa kulia ni uzi, na uzi huo hautaumaliza mwaka.

Nje ya zahanati binti aliweka mdomo karibu kabisa na lile sikio.

"Sasa unasikia nini, Baba?"

"Nikipiga kitu kwa nguvu, nakisikia kwa mbali. Kama jirani anatwanga."

"Mimi nimezaliwa umeshaacha. Sijawahi kukusikia hata siku moja. Kwenye redio ni wewe, lakini redio ni redio."

Kishindo hakujibu ndiyo kabisa. Alifika nyumbani, akakaa kitandani, akajipigia mapajani mpaka yakawa mekundu. Katika maisha yake yote hakuwahi kutaka kitu kwa namna ile: akae nyuma ya ngoma mara moja tu, apige "Bati Linavuja" mwanzo hadi mwisho, mwanawe amsikie, na yeye mwenyewe ajisikie kabla uzi haujakatika.

Dua nyingine hupokelewa na malaika mwenye mizaha. Wiki ile ile Nyoka aliingia gerejini, miwani nyeusi, fimbo ya kutembelea, na mpiga picha nyuma yake. Radi Kavu walikuwa wanakuja kupiga kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi alasiri, na tiketi haziendi. Mtu wa matangazo amesema umma unataka machozi. Atafutwe mpiga drams wa kwanza.

"Kishindo! Bado unapiga?" Nyoka alifoka, maana watu wa jukwaani hufoka, na kwa mara ya kwanza kufoka kukawa na faida.

"Napiga milango."

"Jumamosi utapiga ngoma. Wimbo mmoja. Ule ule!"

Mpiga picha akawapiga wamekumbatiana. Kishindo alikuwa analia, na Nyoka alikuwa anatafuta upande wake mzuri.

Furaha ilimponza kesho yake. Alikuwa amesimama katikati ya gereji akihesabu mapigo kichwani, gari likirudi nyuma kumwelekea, watu wakipiga mayowe. Fundi wa rangi alimvuta kwa ukosi, na bampa likapita palipokuwa na tumbo lake. Bosi alikuja mbio, akamshika mabega, akamtazama usoni.

"Mzee, wewe husikii!"

"Ndiyo kabisa!"

Bosi hakuwa mtu mbaya. Aliangalia chini, akamwonyesha geti kwa kidole kimoja, taratibu, kama anamwelekeza mgeni. Gerejini hawataki maiti. Kwa hiyo Kishindo alienda kwenye mazoezi ya bendi akiwa hana kazi, na sikio lake likiwa karibu kumwacha. Kilichobaki mkononi ni ule wimbo.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na viyoyozi na kapeti. Alikaa. Kiti kilikuwa cha kuzunguka, si lile kreti la soda la zamani. Akashika fimbo, akainua macho pale alipozoea kuyainua, kwenye makalio ya Nyoka, akasubiri.

Yale makalio hayakufanya kitu.

Nyoka alikuwa amewekewa nyonga ya chuma. Sasa alisimama kama mlingoti wa bendera siku isiyo na upepo, na viuno vilikuwa vimekodiwa: mabinti wanne kando ya jukwaa, kila mmoja akikata cha kwake. Wimbo ukaanza bila Kishindo. Alipoona midomo inacheza, akajitupa ndani kama mtu anayedandia lori linalokimbia, akaanguka. Wakaanza tena. Safari hii alikodoa macho hasa. Nyoka akajikuna kidogo upande wa kushoto. Kishindo akapiga ngoma ndogo. Nyoka akajikuna tena, mara mbili, na Kishindo, mtumishi mwaminifu, akayashushia matoazi yote.

Ukumbi ukanyamaza, ingawa kwake haukubadilika. Nyoka aligeuka polepole. Akamjia mpaka puani, akauliza kwa midomo mikubwa:

"Husikii?"

Jibu lilishafika ulimini, lile moja. Akalimeza. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye kapeti.

"Sogeza kiuno, ndugu yangu. Kidogo tu. Kulia, kushoto. Nitakufuata, haki ya Mungu nitakufuata."

"Kina skrubu."

"Wimbo mmoja! Sikuombi kingine. Mwanangu atakuwepo."

Nyoka alimtazama mtu mzima aliyempigia magoti kiunoni, akatazama bango la ukutani lenye picha yao wawili na saa ya onyesho. Tiketi zilikuwa zimeanza kwenda. Akamshika bega.

"Njoo Jumamosi. Utapiga."

Jumamosi jua lilikuwa bado kali watu walipojaa uwanjani. Binti alikuwa mstari wa mbele na wateja wake wa saluni, mmoja nusu ya kichwa bado haijasukwa. Jukwaani, nyuma ya ngoma, lilining'inizwa pazia jeusi ambalo kwenye mazoezi halikuwepo. Kishindo alitangazwa, alijua kwa kuwa mikono elfu iliinuka. Akakaa. Kiuno kilikuwa kimekufa vile vile, basi akafumba macho, akakitafuta cha zamani kichwani, akaanza.

Alipofumbua, watu wote wanaruka. Wanaruka sawasawa! Anashusha fimbo, wanatua. Akageuka kumtafuta binti yake, akamwona analia na kucheka, akipunga mtandio. Hakujisikia, hata kwa mbali. Hata ule mtwango wa jirani haukuja. Akadhani uzi umekatika asubuhi ile. Sawa tu. Yeye asisikie, mtoto anasikia. Akapiga kwa nguvu zaidi, mpaka fimbo moja ikamponyoka, ikaruka ikapotea. Akainama kuitafuta.

Watu waliendelea kuruka.

Akiwa bado ameinama, aliona chini ya pazia kiatu cha mtu kikikanyaga, kikikanyaga, kwa mpigo ule ule wa watu. Kishindo akaweka kiganja juu ya ngoma yake. Akaipiga kwa mkono mwingine. Haikutetema. Mtu aliyenyoosha bati maisha yake yote hahitaji kupasua kitu ili ajue kimeshindiliwa sponji.

Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

Ngoma haikusimama, na uwanja ukapasuka kwa furaha. Mpiga drams ameinua mikono na drams zinapigwa! Akasimama, akatoka mbele, akaonyesha pazia, akapiga kelele, "Si mimi! Si mimi huyo!" Kadiri alivyopiga kelele, ndivyo walivyoshika mbavu. Watu wazima walilia kwa kucheka. Mtu wa matangazo aliahidi machozi, na machozi yakapatikana. Mtandio mmoja tu ulikuwa umeshuka.

Nyuma ya jukwaa binti alimkuta Spea kwanza, shati limelowa, mzee wa watu naye.

"Usinitazame hivyo, binti. Maisha yangu yote nimekishikilia kiti. Leo nimefichwa kwenye pazia kama bibi harusi wa kuibwa, kwa ajili ya mtu asiyesikia. Na mimi watoto wangu walikuwepo."

Binti akampita. Akaenda kwa baba yake aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la nyaya, akaweka mdomo sikioni. Kishindo alisema kabla yake:

"Ulisikia nini?"

"Nilimsikia Spea, Baba."

Alilazimika kurudia, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Nyoka akaingia akichechemea kwa furaha, mikono imetanuka. "Mmewaona? Mmewaona wale watu? Tuna miji mingine, na kote tunafanya hivi hivi! Anakaa, anapiga, anainua mikono, anakuja mbele analalamika. Dhahabu!" Akamwinamia Kishindo, akatamka polepole: "Mshahara. Hoteli. Chakula."

"Mtatoa sponji?"

"Sponji inabaki."

"Twende nyumbani, Baba," binti alisema, akimvuta mkono.

Kishindo aliutazama ule mkono uliojaa mafuta ya nywele, mkono uliokuwa unalisha watu wawili kwa viti viwili. Halafu akatazama kule jukwaani, ambako vijana walikuwa wanafungua ngoma na kuzipakia kwenye gari. Mmoja alikuwa amekibeba kiti kichwani.

"Kile kiti nitakaa mimi?" aliuliza.

Nyoka akainua dole gumba.

Katika mji wa pili walifanya mazoezi ya wimbo mzima kabla watu hawajaingia. Spea akaingia nyuma ya pazia lake. Kishindo alikaa, akapiga sponji, na ilipofika sehemu yake akainua mikono. Nyoka alisimamisha bendi. Akamwendea, akaishika ile mikono kwenye viwiko na kuisukuma juu, mpaka mabega yakalia.

"Juu zaidi," midomo ilisema. "Watu wa nyuma hawaoni."

Kishindo akainua juu zaidi.