Mlango Alioutoboa Eveline

Sogeeni niwaeleze habari za Eveline, mfuma sweta wa Ilomba. Ukipita mtaani kwake asubuhi, mashine yake utaisikia kabla ya jogoo: kra, kra, kra, sweta za shule. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na uani kipande cha ardhi chenye migomba. Baba mkwe, Mzee Isakwisa, alibaki peke yake huko Rungwe.

Mzee macho yamefifia. Mwezi wa sita, baridi imekaza, alikuwa akiota moto jikoni, blanketi likashika. Majirani wakawahi. Eveline aliposikia akasema, "Anakuja kukaa kwangu."

Shemeji yake, Lusekelo, akacheka. Na kicheko chake kilikuwa na sababu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akimwona anakuja, mwanamke anatoka njiani, anajifunika kitenge, anageuka. Hata jina lake halitaji. Siku hizi wengi wameacha, lakini mzee huyu hajaacha, na Eveline hajamvunjia heshima hata siku moja.

"Shemeji," Lusekelo akasema, "mtapishana wapi? Kwenye korido? Baba atakataa. Na kaka hayupo tena, wewe si mkwe wa mtu."

"Kwako Iringa kuna nafasi?"

"Mimi nimepanga."

"Basi nitamjengea banda uani."

"Banda la mkwe! Mji mzima utacheka."

"Wacheke. Atakayecheka karibu nitampa tofali abebe."

Akakata migomba, akafuatilia kibali cha ujenzi mpaka ofisini wakamzoea kwa jina, akamwita fundi Shedrack, Mhehe wa Ilula. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, chumba kimoja na choo chake. Kazi ikaenda vizuri, mpaka Eveline alipokwenda Tukuyu siku tatu kupeleka sweta.

Aliporudi, kuta zimefika juu, lenta ya zege imeshika, na mlango unatazama jiko lake. Hatua sita tu! Mzee akitoka kuota jua, wanakutana uso kwa uso.

"Fundi, umefanya nini?"

"Mama, mabanda yote ya uani yanatazama nyumba kubwa. Ndivyo tunavyojenga."

"Nilikwambia mlango uende uchochoroni."

"Nikajua umechanganya. Nani anaipa nyumba yake mgongo?"

Lusekelo, aliyekuja kuchungulia, akapiga makofi. "Unaona, shemeji? Hata banda limekataa."

Eveline akachukua nyundo na tindo, akazunguka nyuma, upande wa uchochoro, akaanza kuvunja ukuta. Pa! Pa! Vumbi jekundu likamjaa nywele. Jirani yake Mwanaidi, mwenye duka, akatokeza kichwa juu ya uzio: "Dada, umeingiwa na nini?"

"Naweka mlango!"

Shedrack alivumilia matofali matano. La sita likamshinda. "Lete hapa, mama. Utaniharibia kona."

Mlango wa mbele ukazibwa. Likaachwa dirisha dogo lenye pazia, la kupitishia sahani.

Siku ya kuhamia, Lusekelo mwenyewe ndiye aliyemleta mzee kwa gari la kukodi, godoro juu. Alitaka amshuhudie baba yake akikataa. Eveline akajifungia jikoni, kitenge kichwani. Mzee akisema hapana, anarudi kwenye lile jiko la Rungwe, na safari nyingine majirani huenda wasiwahi.

Mwanaidi akampokea mzee uchochoroni, akamshika mkono.

"Baba, si lazima," Lusekelo akasema. "Sema tu, tugeuze gari."

Mzee Isakwisa akaingia akipapasa ukuta, akafika mahali penye saruji mpya. Akapagonga kwa fimbo.

"Hapa palikuwa na mlango. Nani kauziba?"

"Mkweo," Mwanaidi akajibu. "Fundi aliuelekeza kwake. Akavunja kwa mikono yake huko ulikoingilia, ili msikutane."

Mzee akaligeukia lile dirisha, macho chini, akapaza sauti kama mtu asiyesema na yeyote:

"Kama kuna anayesikia, aambiwe chai yangu sukari kijiko kimoja tu."

"Baba, unaongea na ukuta?"

"Naongea na nyumba yangu. Wewe shusha godoro."

Lusekelo akatoka kufungua kamba. Alipokuwa bado anahangaika na fundo la kwanza, pazia likasogea, na mkono uliofunikwa kitenge ukaweka kikombe dirishani.