Mzigo Nilioupokea Uwanja wa Ndege wa Tabora

Sitakuapia. Kwetu Tabora mtu anayeanza maneno kwa viapo huwa ana lake. Nitakueleza tu ilivyokuwa, na kama aliyekuwepo siku ile atasoma hapa, anajua kwamba sijaongeza kitu. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Cheyo, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kutunga siwezi.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Alifariki alfajiri, tukamzika baada ya swala ya adhuhuri, kama dini yetu inavyohimiza. Binti yetu Zuhura, mtoto wetu wa pekee, alikuwa Dar es Salaam. Alinipigia simu akilia: "Baba, nisubirini, niko njiani." Watu wakanitazama wanisikie nitasema nini. Nikasema tuzike. Alifika kesho yake, akakuta udongo umeshaanza kukauka. Hakunilaumu. Alikaa siku tatu akaondoka, na tangu hapo simu zetu zikawa za hujambo sijambo, basi, kama watu waliokutana kwenye benchi la hospitali.

Miezi kumi ikapita hivyo. Halafu akanipigia, akasema amepata likizo ya siku tisa. "Njoo, Baba, twende Unguja tukapumzike, mimi na wewe. Tiketi ya ndege nimeshakukatia." Halafu akaongeza, "Usipokuja safari hii, nitajua." Hakumalizia atajua nini. Mimi nilielewa.

Ndiyo maana nilifika uwanjani kabla hata hawajafungua mlango. Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu, wala sijawahi kwenda likizo. Fundi wa kujitegemea anaomba likizo kwa nani?

Ndege ilikuwa ndogo, kwa hiyo walitupima kwenye mizani, mtu na mzigo wake mbalimbali. Mimi nilikuwa na kilo hamsini na nane. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Bukene, anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akaniambia, "Baba, wewe upepo ukivuma utatangulia bila ndege." Ilipofika zamu yake alimwambia binti wa mizani, "Mwanangu, andika kimyakimya, usisome." Tukacheka. Wakachukua mabegi yetu yote, tukapita ukaguzi, tukaingia chumba cha kusubiria. Tulikuwa tuondoke saa mbili asubuhi.

Saa mbili ikafika, ndege hakuna. Wakasema haijatoka Dar es Salaam. Saa nne wakasema ina hitilafu, mafundi wanaishughulikia. Saa tano hawakusema kitu. Aliyeomba kutoka nje akaambiwa haiwezekani, ameshakaguliwa, na ndege inaweza kuja wakati wowote. Unaielewa hali ile? Huendi, hurudi. Mlango wa mjini umefungwa, mlango wa ndege umefungwa, na dirisha moja kubwa linakuonyesha njia tupu ya lami inayofuka mvuke baada ya mvua ya asubuhi. Maji ya kunywa yaliisha. Watoto walilia mpaka wakachoka. Mama wa Bukene akasema kwa sauti, ili wahusika wasikie, "Ningepanda ungo, saa hizi nimeshambeba mjukuu na kurudi kupika."

Mimi sikucheka tena. Nilimwandikia Zuhura ujumbe kwamba tumechelewa. Akajibu: "Sawa." Neno hilo moja nikalisoma mara nyingi.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, chumba kinaonekana chote. Nasema hivyo usije ukafikiri ni mambo ya gizani. Nilikuwa nimekaa benchi la mwisho, peke yangu. Nikasikia benchi limelemewa, nikageuka. Alikuwepo mtu.

Usoni alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba. Amejifunga kaniki kiunoni, na begani ameshikilia furushi refu lililofungwa kwa kamba za magome. Nilifikiri ni mtu wa ngoma, wale wanaoalikwa kucheza kwenye sherehe. Lakini nje kulikuwa na matope na miguu yake ilikuwa na vumbi kavu jekundu mpaka magotini. Na mimi, mtu wa miaka sitini na miwili, nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu. Hakutania. Alisema kama mtu aliyezoea.

Akaniuliza, "Msafara wenu umekwama?"

"Ndege imechelewa."

"Watafika tu. Wanaochelewa wanafika." Akahema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Mimi bega limekufa. Nipokee kidogo, nijinyooshe."

Sasa nikuulize wewe uliyelelewa na watu: mtu akikwambia nipokee, unafanya nini? Unamuuliza ni mzigo gani, wa nani, unakwenda wapi? Kwetu mtu hajamaliza hata kupiga hodi mwenye nyumba ameshainuka kumpokea alichobeba. Mtoto asiyepokea mizigo ya wakubwa anachapwa. Mikono yangu iliinuka kabla sijawaza lolote. Nikasema, "Lete."

Alipoinama kunipa nililiona bega lake la kulia. Lilikuwa na sugu nene, isiyo na nywele, inang'aa kama mgongo wa punda wa gari.

Niamini, furushi lilikuwa jepesi. Nilishangaa mtu mzima anavyotokwa jasho kwa kitu kile. Yeye akajinyoosha. Nikasikia mgongo wake unalia mfupa mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu kuliko mgongo wa mtu unavyopaswa. Machozi yakamtoka. Ndipo akanieleza, pole pole, kama mtu anayeagiza.

Alisema alikuwa mpagazi katika msafara wa pembe za ndovu kutoka hapa kwenda pwani. Mbele kidogo ya Igalula mwenzake alishikwa na homa, akamwomba ampokee apumue. Alipompokea, mwenzake alilala chini akafa. Msafara ukaendelea, yeye akabaki nyuma kwa uzito. "Ule mzigo hautuliwi chini, mjukuu wangu. Nimejaribu. Unapokelewa tu, mtu kwa mtu. Lazima anayepokea aseme mwenyewe kwamba lete."

Nikamuuliza kwa nini amekuja kukaa uwanja wa ndege.

"Nilikaa sana barabarani, nikakaa sana stesheni. Huko kila mtu ana mzigo wake mikononi. Nyinyi hapa wanawanyang'anya mizigo mlangoni, mnakaa mikono mitupu." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Nisamehe. Umeniitikia kwa adabu."

Akainuka, akaenda kwenye mlango wa kutokea kuelekea ndege, ule uliofungwa tangu asubuhi, akapita. Nilimwona kupitia dirishani anakatiza lami kuelekea mashariki, anakimbia kidogo kama mtoto aliyeruhusiwa shuleni. Hakuna aliyemzuia.

Nikatazama mikono yangu. Furushi halipo. Lakini bega langu la kulia lilishuka, likaendelea kushuka, mpaka nikashika ukingo wa benchi. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikaisoma tena. Uzito ulikaa palepale, wala haukuongezeka wala haukupungua, kama kitu kilichofika nyumbani.

Mama wa Bukene akaja na kipande cha mkate. "Baba, kula. Nimekuona unaongea peke yako, nikasema njaa hiyo." Kisha akanitazama vizuri. "Mbona umepinda? Umebeba nini? Lete nikusaidie."

Lete. Neno lenyewe alilisema, kwa hiari yake, na moyo mweupe. Nilichotakiwa kufanya ni kuegemeza bega langu upande wake. Nikafikiria Zuhura anavyosubiri. Nikasema moyoni kwamba huyu mama ana nguvu, ana mwili, ataubeba kuliko mimi. Ndiyo, niliwaza hivyo, na siwezi kukuficha. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Halafu nikaona kwenye kidole chake uzi mwekundu aliofunga asisahau kitu fulani cha mjukuu, nikajivuta mpaka ukutani.

"Usiniguse," nikamwambia.

"Haya, Baba. Mimi nina ukoma?" Akaenda kukaa mbali, na mkate wake.

Ndege ilitua saa tisa na nusu. Watu walipiga makofi. Kwa kuwa tulikuwa tumekaa muda mrefu, wakasema kila mtu ataulizwa maswali upya kabla ya kutoka. Nilipanga foleni nikiwa nimeshika ukuta. Zamu yangu ikafika kwa yule binti wa mizani.

"Mzee, tangu tulipokukagua asubuhi, kuna mtu yeyote amekupa mzigo umbebee?"

Wengine wote walikuwa wamejibu hapana bila hata kusimama.

"Yupo," nikasema.

"Nani?"

"Simjui jina."

"Mzigo uko wapi?"

"Hapa begani."

Walionifuata kwenye foleni wakacheka. Binti hakucheka, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja akifuta jasho, mtu aliyetukanwa na abiria tangu asubuhi. Akaniinamia. "Mzee wangu, hatutaki utani hapa. Wenzako wamechoka. Sema hakuna, upande, ukapumzike."

Alikuwa ananisaidia, masikini. Neno moja tu. Zuhura alikuwa upande wa pili wa neno hilo. Lakini nilifikiria pia ile ndege ndogo, na watu wote wale, na mama wa Bukene.

"Siwezi kusema hakuna, na upo," nikamjibu. "Nipimeni."

Alikubali ili kuikomesha kesi. Wakaileta mizani, nikapanda mikono mitupu. Binti akaangalia karatasi yake ya asubuhi, akaangalia mizani. Kilo tisini. Mkubwa akaniambia nishuke, akapanda yeye, akashuka. Akanipandisha tena. Tisini. Kwenye foleni hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja akamvuta mtoto wake nyuma.

"Mzee," mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "naomba ukae pembeni."

Ndege iliondoka na wenzangu. Mama wa Bukene aligeuka mlangoni akanitazama, na nadhani alielewa, maana aliufumba mkono wake ule alioninyooshea akauficha kwenye khanga.

Nikampigia Zuhura, nikamwambia ukweli wote, toka mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, kama hutaki kuwa na mimi, ungesema." Akakata.

Siku ya tatu nikasikia hodi. Alikuwa Zuhura, amekuja kwa treni, mkoba begani. Amesimama mlangoni, na mimi nimekaa kwenye cherehani, sikuinuka. Sikuthubutu.

"Hata kunipokea hunipokei?"

"Tua mwenyewe, mwanangu. Weka chini nikuone umeweka."

Akauweka. Akaja nyuma yangu, nadhani kwa hasira, akanishika bega la kulia anigeuze. Mkono wake ukakaa hapo. Kisha akaanza kuuhamisha juu kidogo, hewani, mahali ambapo hakuna kitu, na niliona anapapasa kamba.

Alikaa chini sakafuni. Akasema, "Baba, mimi bado kijana. Nipe."

"Hapana."

"Tubadilishane basi. Mwezi wewe, mwezi mimi."

"Zuhura, nilimzika mama yako bila kukusubiri, nikakubebesha hilo. La pili sikubebeshi."

Tangu msiba ule hatukuwahi kulia pamoja. Tulilia siku ile. Likizo yake yote aliimalizia Cheyo, ananipikia, tunakwenda makaburini jioni, natembea upande upande naye anapunguza mwendo. Bahari sijaiona.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Masheikh wamenisomea, waganga wa Kinyamwezi wamenitazama wakakataa hata kupokea kuku. Nalala nimekaa. Bega limeanza kuota sugu, na nywele za pale zimekwisha. Kuna mzee wa mjini aliniambia kwamba kilo thelathini na mbili ni frasila mbili, mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja wa zamani. Hajui aliponipa jibu hilo nilikosa usingizi siku ngapi.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, ukikwama mahali, umekaa huna la kufanya na mikono yako mitupu, akaja mtu akakwambia nipokee, usiinuke. Mwambie kwanza autue chini, uuone umekaa chini. Mzigo ukitua, msaidie. Akisema hautui, mwombe radhi uondoke, na adabu uiache kwa siku hiyo.

Na hata ukinikuta mimi, nimeinama barabarani hapa Cheyo, pita. Mpaka leo sijamwomba mtu. Lakini nachoka, hasa saa za alasiri, na siku hizi mtu akinisalimia kwa upole naona macho yangu yanaangalia bega lake.