Pua ya Naftaly na Barua ya Kabazi

Naftaly alikuwa na pua. Sisemi ile ya usoni, ingawa hiyo nayo haikuwa ya kukopesha mtu, bali pua ya kunusa maandishi. Ukimpa barua, tangazo, hata rambirambi, aliisoma mara moja tu, akavuta pumzi, kisha akakuambia kama imeandikwa na mtu au na ile mashine ambayo wasomi wanaiita akili unde na watu wa mtaa wa Kaptembwo wanaiita AI basi.

Katika grupu la WhatsApp la Wapenda Teknolojia wa Bonde la Ufa, lenye watu mia mbili na kumi na wawili, wakiwemo wa digrii mbili mbili, yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Wengi humo walidhani amesomea umeme katika chuo fulani. Naftaly hakuwahi kusema hivyo. Ila hakuwahi kuwasahihisha, na huo nao ni ufundi.

Ukweli ni kwamba shule aliiacha darasa la saba, ng'ombe wa babake walipokosa mtu wa kuwafuata. Redio alijifunza kwa kuzivunja. Sasa alikuwa na kibanda cha mabati karibu na steji ya bodaboda, na miaka thelathini ya kuchomelea waya ilikuwa imemla macho, ikaja ikamla mgongo. Ikifika saa kumi jioni alikuwa amechoka mpaka kope. Hapo ndipo alipoketi juu ya kreti ya soda, akafungua simu na kuanza kubishana.

"Unatoka kazi moja unaingia nyingine," mkewe, Mama Nyakio, alimwambia. "Na hii ya pili hata chai hawakupi."

Mbishi wake mkuu alikuwa Weldon, kijana wa kompyuta aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini Nakuru.

"Mzee, hakuna mtu anaweza kujua kwa macho," Weldon aliandika siku moja. "Hata zile programu za kupima zinakosea. Wewe unabahatisha tu. Ukipata unajisifu."

"Sijawahi kukosa," Naftaly akajibu.

"Utajuaje umekosa? Ni nani hukuletea majibu?"

Hilo Naftaly aliliruka kama mtu anavyoruka mtaro wa Kaptembwo, bila kuangalia ndani. Badala yake akawapa nadharia yake. Mtu akiandika huchoka, alisema. Huanza na nguvu, akifika katikati anarudia neno, mwishoni anataka tu kumaliza aende zake. Mashine haichoki. Sentensi yake ya mwisho imechana nywele sawasawa na ya kwanza. "Tafuteni uchovu," aliwaandikia. "Pasipo na uchovu hapana mtu."

Watu wakampigia makofi ya picha. Hata Weldon alikawia kujibu.

Jumamosi hiyo, Kemboi akaingia grupuni. Kemboi alikuwa katibu wa chama kidogo cha wafugaji kule Kabazi, na chama kilikuwa kikitafuta karani. Barua ishirini na tatu zilikuwa mezani. Wakubwa hawakutaka mtu wa kuandikiwa na mashine, kwa kuwa kazi ya karani ni kuandika. Akapiga picha barua moja, jina amelifunika kwa kidole gumba, akauliza, "Mzee Naftaly, hii unaionaje?"

Barua ilianza hivi: *Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii kuwasilisha ombi langu la nafasi ya kazi iliyotajwa hapo juu.* Ikaendelea hivyo hivyo ukurasa mzima, imenyooka, imepigwa pasi, mpaka *wako mwaminifu*.

Naftaly hakumaliza hata dakika mbili. "Mashine," akaandika. "Asilimia mia. Haijatoa hata jasho."

"Na kama ni mtu?" Weldon akauliza.

"Kama ni mtu, mimi ni askofu."

"Asante mzee," Kemboi akaandika. "Nimeitoa mezani."

Naftaly akaweka simu mfukoni, akafunga kibanda, akaenda nyumbani akiwa ameshiba bila kula.

Jumanne, Naliaka alikuja kibandani. Naliaka alikuwa mama wa watoto wawili aliyeuza mayai ya kuchemsha pale steji, ploti yake ikipakana na ya Naftaly. Kidato cha nne alimaliza, na tangu amalize hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza alichosoma. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ya vitufe na tochi, na kila mwezi tundu la chaji lilikufa, Naftaly akalifufua.

Alimpa simu, akaketi.

"Baba Nyakio, nikuulize kitu cha kompyuta."

"Uliza. Umefika kwa mwenyewe."

"Niliomba kazi ya karani Kabazi. Leo nimepigia katibu kwa simu ya jirani, nikamuuliza mbona sijaitwa. Ati barua yangu iliandikwa na AI. Ati kuna mtaalamu amethibitisha. Nataka uniambie. Hiyo AI, na simu kama hii, mtu huingia nayo wapi?"

Naftaly alikuwa ameshika kabambe hiyo wakati huo, imefunguliwa, matumbo nje. Aliyajua matumbo yake kuliko daktari. Kulikuwa na redio, tochi na ule mchezo wa nyoka. Hakukuwa na pa kuingilia AI wala pa kutokea.

"Uliichapisha wapi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

"Saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia. Yule dada alipiga vile nilimpatia." Akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki.

Barua ilikuwemo mara saba. Ya kwanza ilikuwa imekatwakatwa kama shamba la urithi. Ya pili ilikuwa na doa la mafuta. Kufikia ya saba mistari ilikuwa imetulia, na maneno yalikuwa yale yale aliyoyanusa Jumamosi.

"Mbona haina mahali imechoka?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nikichoka nilikuwa naweka kalamu chini. Imenichukua Jumapili nne."

"Na hii heshima na taadhima?"

"Si ni barua rasmi, Baba Nyakio? Tulifunzwa darasa la nane. Ukisahau taadhima unalala chini uchapwe. Kwani nyinyi mlifanya ya aina gani?"

Nyinyi. Naftaly alitazama ile kabambe. Darasa la nane wenzake walipokuwa wakichapwa kwa ajili ya taadhima, yeye alikuwa nyuma ya mikia ya ng'ombe. Maisha yake yote hakuwahi kuandika barua rasmi wala kuandikiwa. Alikuwa amenusa kitu asichokijua, na kwa kuwa hakukijua, akasema si cha binadamu.

Angeweza kunyamaza. Naliaka hakutajiwa jina la mtaalamu; kidole cha Kemboi kilikuwa kimemsitiri naye pia. Angerudisha kifuniko, akamwambia mambo ya ofisi ndivyo yalivyo.

"Huyo mtaalamu ni mimi," alisema.

Naliaka alimwangalia.

"Wewe."

"Mimi. Sikujua ni yako."

"Na ungejua?"

Naliaka alichukua daftari, akalirudisha kwenye plastiki polepole, pembe kwa pembe.

"Usaili ni Alhamisi," alisema. "Pole sitaki. Nataka hiyo nafasi."

Naftaly akampigia Kemboi, Naliaka akiwa bado mbele yake, akakiri kwamba amekosea.

"Sasa mzee, mimi nitawaambia nini?" Kemboi alisema. "Mwenyekiti wetu, Ephantus, ako kwa hilo grupu. Aliona kwa macho yake. Hilo neno ulilimwaga huko, lizoe huko."

Basi akaketi kuandika. Aliandika, akafuta. Aliandika tena. Hakuwahi kuomba msamaha mbele ya watu mia mbili, na hakujua mtu huanzia wapi, kwa hiyo akamwomba Naliaka daftari tena, akaazima humo adabu kidogo. *Kwa heshima, ningependa kuwaomba radhi kwa dhati kufuatia uamuzi nilioutoa.* Akatuma.

Weldon alijibu kabla ya nusu dakika. "Mzee, hii nayo umeandikiwa na mashine."

Nyuso za kucheka zikamiminika. Mtu akauliza kama askofu amepata simu mpya. Mwingine akasema hiyo haina uchovu hata chembe.

Naye alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka kuanzia vidole mpaka kisogo, uchovu wa miaka yote thelathini uliokuja siku moja kudai nafasi yake, na hakuna aliyeuona.

Naliaka alikuwa hajaondoka. "Wanasemaje?"

"Wanasema si mimi nimeandika."

Hakucheka. "Basi ongea," alisema.

Naftaly akabonyeza alama ya kipaza sauti.

"Ni Naftaly. Hii ni sauti yangu, mnasikia pikipiki za Kaptembwo. Nilikosea ile barua ya Kabazi. Kuna mtu ameiandika kwa mkono, mara saba, daftari ninaliona hapa. Simu yake haina mtandao. Mimi... wengi mnadhani nilienda chuo. Niliacha shule darasa la saba. Barua rasmi hufunzwa la nane. Sikuijua nilipoiona. Kemboi, wewe na Ephantus, muiteni aandike mkiwa mmemkalia hapo. Ni hayo tu. Nimechoka, niwaambie ukweli."

Akaachilia kidole kabla hajabadilisha nia.

Kisha Weldon akaandika, "Hiyo hata mimi nimenusa. Ni mtu." Baada ya muda mrefu, mwenyekiti Ephantus, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuandika chochote isipokuwa amina, akaandika, "Aje Alhamisi saa tatu. Aje na kalamu yake."

Alhamisi Naliaka alikwenda Kabazi. Naftaly alikaa na beseni la mayai la Naliaka mbele ya kibanda, akiyakata na kuyatia kachumbari vibaya, wateja wakilalamika pilipili. Hakufungua grupu. Saa nane simu yake ikalia; aliyepiga ni Naliaka, kwa ile kabambe.

"Wamenichukua," Naliaka alisema. Nyuma yake mikebe ya maziwa ilikuwa ikigongana. "Mwezi mmoja wa kujaribiwa. Nimeanza leo leo."

"Haya. Haya, vizuri sana."

"Lakini kila kitu nikiandika, lazima katibu akae karibu aone ni mkono wangu. Hata risiti."

"Mpaka lini?"

"Hajasema."

Yule mtu wa asilimia mia aliweka kisu cha mayai chini.

"Unisamehe, Naliaka."

"Tutaongea nikirudi," alisema. Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwa upole. "Wacha nikate, ananingojea. Kuna maziwa yameingia."