Kelele ya Saba

Happy Mabula hajui kukaa. Nasema hivyo mimi Nesta, niliyetumia naye meza moja pale Chapwa kwa miaka miwili, na goti lake limemwaga chai yangu mpaka nimeacha kulalamika. Akiwaza, anasimama. Akikwama, anakwenda dirishani kutazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, anarudi, anakaa, anasimama tena.

Wiki ile hakukaa kabisa. Mimi nachomelea vifaa vya kufungwa kwenye malori. Yeye anaandika programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, ili kifaa kiseme lori liko wapi. Bosi wetu, Danford, alikuwa ameshasema: Ijumaa mkaguzi akitoa taarifa hata moja ya kumbukumbu kuvuja, kazi ya Happy inawekwa kando, tunatumia programu ya watu wa nje. Miaka miwili ya mtu, hivi hivi! Nilikasirika kuliko yeye.

Mkaguzi mwenyewe si mtu. Ni programu inayopitapita kwenye kumbukumbu ya kifaa. Kwa kila nafasi ya kumbukumbu ambayo programu ya Happy imeomba, anatafuta kama anwani yake bado imeandikwa mahali. Asipoiona popote anapiga kelele: imesahauliwa, imevuja. Jumatatu alipiga kelele saba.

"Mwongo huyu!" Happy alifoka. "Anwani zipo kwenye chipu ya mawasiliano, na yeye huko haangalii. Kama yule bwana aliyekuja kwetu Msangano kuhesabu ng'ombe, akaishia zizini, akamwambia baba thelathini wamepotea. Wamepotea wapi? Si wamewekeshwa kwa watu!"

Sisi Wanyiha wa Mbozi mali yetu ni kahawa, na mbuni hauendi kulala kwa jirani, kwa hiyo ilibidi anieleze. Kwao Wasukuma, mfugaji haweki ng'ombe wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki. Wao wanalisha na kukamua, ng'ombe wanabaki wake, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize wote. Asiyejua desturi hiyo huona hasara.

Dawa ya kelele ipo: mstari mmoja unaomwambia mkaguzi kwamba hii haijavuja, anyamaze. Happy aliandika mistari saba kwa dakika kumi. Kimya. Nikapiga makofi, yeye akaenda dirishani.

"Nesta, yale malori yana siku ngapi pale?"

"Mengine leo ya tano."

"Na sisi tunajaribu kifaa kwa saa ngapi?"

"Nne."

Akarudi mezani bila kukaa. Jumanne akawa anakula akiwa amesimama. Jumatano aliniuliza mara tatu kama namwona mwongo kwa mistari ile, nami nikamwambia namwona msumbufu.

Alhamisi mchana akampigia baba yake. Waliongea Kisukuma, baadaye akanitafsiria. Alitaka kujua mzee alikuwa na uhakika gani kwamba ng'ombe hawajapotea.

"Mtu hasemi tu ng'ombe hajapotea, mwanangu," mzee alicheka. "Anamtaja aliye naye." Akaanza kutaja: weupe wawili kwa Makene, mweusi kwa Ayoub, yule mwekundu aliyevunjika pembe kwa Bugalama. Hapo akasita. Bugalama alihamia Mkwajuni mwaka juzi. "Huyo... ngoja. Huyo kwa kweli sijui yuko wapi."

Happy alikata simu akafuta mistari yote saba. Akaanza upya, na juu ya kila mstari akaandika nani ameshika anwani. Mistari sita ilipata majina. Wa saba haukupata.

Aliitafuta anwani hiyo mpaka akaona tatizo. Hapa mpakani mtandao wa simu unaruka siku nzima: Tanzania, Zambia, Tanzania. Kila ukiruka, programu yake iliomba nafasi mpya na kuisahau ya zamani. Kwa saa nne huoni kitu. Kwa siku tano za foleni, kifaa kinajaa na kuzima, na dereva amelala humo akiamini anaonekana.

"Rudisha mstari," nilimwambia. Sijivunii, lakini nilimpenda na niliogopa kubaki peke yangu kwenye meza ile. "Kurekebisha ni kazi ya siku kadhaa, utaifanya wiki ijayo. Nani atajua?"

"Mimi," alisema.

Ijumaa mkaguzi alipiga kelele moja. Danford alisoma yale majina sita, akatikisa kichwa kukubali.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya kweli, bosi. Kosa langu. Jumatatu niliinyamazisha."

"Nilisema hata moja," Danford akasema, na neno lake halikurudi nyuma. Programu ya nje ikafungwa kwenye malori ya wiki ile. Ya kwake ikawekwa kando, na hakuahidiwa kitu.

Happy akaja mezani. Akavuta kiti, akakaa, akafungua ile ya saba. Jioni niliposimama kuondoka, chai yangu ilikuwa imepoa kikombeni, imejaa vilevile.