Mbegu Juu ya Meko ya Mama

Mjomba alipouliza ni nani kati yetu angemfuata Nachingwea, mama alinielekezea mimi kidole, nami nikasema nitakwenda. Ningeweza kukataa. "Unataka kweli?" mama aliuliza, lakini macho yake yalibaki kwenye ungo aliokuwa akipepetea. Nikaamini ananiondoa ili abaki na yule mwingine.

Yule mwingine alikuwa mtoto wa mama mdogo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mama yangu akampa ziwa nililokuwa nimeliacha punde tu. Ukoko wa chungu alipewa yeye kwanza. Akikohoa usiku mama aliamka. Nikikohoa mimi niliambiwa ninywe maji.

Tuliishi nje kidogo ya Ruangwa, na ukoo mzima ulikuja kwa mama kuomba mbegu. Kila mavuno alichagua masuke bora ya mtama, akayafunga mafungu na kuyatundika juu ya meko, moshi uyakinge na fukusi. Mvua ya kwanza ikinyesha, alimwita mtu mmoja ayashushe. Huyo ndiye aliyemfuata shambani, mama akichimba mashimo, yeye akitia mbegu na kufukia kwa mguu. Mwaka ule kabla mjomba hajaja, nilisimama jikoni nikisubiri, mikono nimeshanawa. Mama akamwita yeye.

"Mwache na mwenzako ajifunze," aliniambia.

Basi nikaenda. Mjomba alikuwa msaidizi wa mafundi wa matrekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, na kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Alinisomesha vizuri, hata nikafika sekondari. Mama alituma watu: "Mwambieni aje kupanda." Nilijibu kwamba nina masomo. Nilitaka anibembeleze.

Nilirudi mara moja tu, wakati mashamba ya karanga yameshaachwa na matrekta yameondoka. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana huo. Nilimkuta mdogo wangu, yule mtoto wa mama mdogo, juu ya kigoda, anashusha masuke.

"Karibu, bwana trekta! Angalia usichafue viatu."

Wanawake waliokuja kuchukua mbegu walicheka, na mama akacheka nao. "Mpeni mgeni kiti," akasema.

"Mgeni, mama?"

"Anayekuja msimu wa kupanda bila jembe si mgeni huyo?"

Ulikuwa utani. Leo nauona kuwa utani. Jioni ile sikugusa chakula alichonipikia, na asubuhi nikaondoka, mimi niliyekuja kukaa likizo nzima.

Safari iliyofuata niliitwa kwenye msiba wa mama. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Mdogo wangu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na udongo ulikuwa bado umemganda miguuni. Hata udongo ule nilimwonea wivu.

Alinipeleka jikoni, akashusha fungu moja lililofungwa kwa kipande cha shati langu la zamani.

"Hili lako. Kila mavuno alichagua masuke mapya, akafunga kwa kitambaa hicho hicho. Mwaka mmoja mbegu zilitupungukia, nikaliomba. Alinipiga na mwiko."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema utakuja mwenyewe." Akaniwekea mkononi. "Nimelionea sana wivu fungu hili, kaka."

Sikufarijika. Nilimuuliza mdogo wangu mama alikula nini mwisho, kifua kilimbana vipi, alipenda kulalia ubavu gani. Alinijibu yote bila kufikiri.

Wajukuu zangu wakiniuliza habari za mama, huwasimulia mpaka siku ile ya mjomba, kisha nawaambia waende kwa babu yao mdogo. Kukubali kwenda Nachingwea kulinigharimu mama yangu. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo ni ya mdogo wangu. Mimi nina jioni moja tu, nayo niliisusa.