Kuku Kishingo na Kichwa cha Sangara

Kuku wetu kishingo alichukuliwa akiwa anaatamia. Alikuwa kwenye karai bovu nyuma ya jiko, siku ya kumi na nne au kumi na tano, na mke wangu alikuwa akimhesabia siku kama anavyowahesabia wajawazito wa kwaya yake. Asubuhi nilipokwenda kummwagia mtama nilikuta mayai kumi na moja yamekaa vilevile, yamepoa, na yeye hayupo. Manyoya meusi yalianzia karibu na karai yakaishia chini ya mti mkubwa wa mbuni, pale kahawa inapopakana na migomba. Hapakuwa na damu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kwa hiyo hata nyayo hazikuonekana.

Tunaishi Ijuganyondo, pembeni mwa mji wa Bukoba, ambako mtu ana televisheni ndani na kibanja cha migomba mlangoni. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, sasa nimestaafu, na watoto wetu wote wana makwao. Kishingo tulipewa na mama mkwe wangu, kule Muleba. Alikuja amefungwa miguu ndani ya kiroba, akataga njiani, humohumo kirobani. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, na alikuwa na tabia ya kuingia sebuleni wakati wa sala ya jioni, akasimama katikati yetu mpaka amina. Mke wangu alisema yule kuku ni Mlutheri kuliko mimi.

Kila jirani alikuwa na mnyama wake wa kumlaumu. Mmoja alisema kicheche, mwingine nguchiro, mwingine akaapa ni paka pori anayeshuka kutoka kwenye miti ya mikaratusi. Mimi sikusema kitu, lakini moyoni nilikuwa nimeshahukumu. Mama mmoja mzee, mjane, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, anakaa upande wa chini wa kibanja chetu, na ana mbwa wa rangi ya udongo aliyezoea kupita kwetu kana kwamba njia ni yake. Mara mbili nilikuwa nimemkuta ananusanusa karibu na lile karai.

Siku nne baadaye akaenda tetea mwingine, kwa namna ileile. Manyoya, basi.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile inanitia aibu kuieleza. Nilikwenda sokoni Kashai, nikanunua sumu ya panya, na nikarudi na kichwa cha sangara kilichofungwa kwenye gazeti. Jioni, kabla jua halijazama, nilikitia sumu kile kichwa nikakiweka chini ya mbuni, palepale manyoya yalipoishia. Sikumwambia mke wangu. Angekataa, na nilijua kwamba angekuwa na haki. Mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka yote ile kwamba sumu haichagui, amejificha nyuma ya mti wa kahawa na kichwa cha samaki mkononi!

Kesho yake mke wangu alikuwa na safari ya Muleba kumwona mama yake, aliyekuwa ametoka hospitali. Nilimsikia akifungua mlango kungali na giza ili awahi gari la kwanza. Nikageukia upande wa pili nikalala tena.

Kulipokucha nilikwenda moja kwa moja chini ya mbuni. Kichwa hakikuwepo.

Kwa dakika chache nilifurahi. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Leo nimekupata." Nikachukua fimbo nikaanza kupekua majani makavu ya migomba nikitafuta mzoga. Nilipita mstari wa kwanza, wa pili, nikafika mpaka kwenye mpaka wa kibanja, sikuona kitu. Hapo ndipo furaha ilipoanza kunitoka. Aliyekichukua hakukilia pale. Amekwenda nacho, na kichwa cha sangara kinaweza kudondoshwa popote. Chini yetu kuna nyumba nne. Kuna mabata, kuna nguruwe wa jirani mmoja fundi seremala, kuna chemchemi ambako watu wanachota maji.

Nilimpigia mke wangu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Sijui hata nilitaka kumwambia nini.

Nikashuka kwa yule mama mzee karibu nakimbia. Alikuwa ameinama uani akigeuza kahawa yake kwenye turubai. Mbwa alikuwa amelala ubavu kando ya ukuta, miguu imenyooka. Nilisimama. Nilimwangalia tumboni nione kama linapanda na kushuka, na sikuona vizuri kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji.

"Mwalimu, umeamkaje?" mama akauliza. "Mbona umekuja na viatu vya ndani?"

"Mama, mbwa ana nini?"

"Ana uvivu."

Akamrushia punje ya kahawa. Mbwa akainua kichwa, akanitazama, akakirudisha chini.

Nikamwambia yote. Nilianza na kuku, nikataka kupita kwenye hasira haraka nifike kwenye tahadhari, lakini yeye alinisimamisha.

"Subiri. Sumu ulimwekea nani?"

"Mnyama anayekula kuku."

"Mnyama gani?"

Nikamtazama mbwa.

"Ulimwekea huyu," akasema, bila kupandisha sauti. "Tangu mzee wangu afe, Mwalimu, huyu ndiye ananiitikia nikikohoa. Ungekuja tu kuniambia, waitu, ndugu yangu. Ningemfunga."

Sina la kujitetea hata leo. Nilisema nisamehe, mama. Yeye aliingia ndani akatoka na kamba, akamfunga mbwa kwenye nguzo ya jiko, akachukua fimbo yake. Nilidhani ananifukuza.

"Twende," akasema. "Nyumba zote. Na utasema mwenyewe, mimi nitasimama tu."

Basi tulikwenda. Mbele mimi na viatu vya ndani, nyuma yeye na fimbo. Kwa fundi seremala nilisema, naye akawatazama nguruwe wake mmoja mmoja kabla ya kunitazama mimi. Akaniambia maneno ambayo mwalimu haambiwi mara nyingi. Nyumba ya pili walisema asante kwa kusema, wakaenda kufunga mabata. Huko ndiko nilikosikia kwamba nao walikuwa wamepoteza kuku wawili, kipindi ambacho mbwa wa mama alikuwa amefungwa wiki nzima kwa kidonda cha mguu. Mama mzee alinitazama tu.

Nyumba ya tatu tulimkuta paka anatapika.

Binti wa nyumba ile, mwenye duka dogo palepale nyumbani, alikuwa amechuchumaa karibu naye anafuta sakafu. Nilishika fremu ya mlango. "Ameanza lini?" nikauliza.

"Sasa hivi. Kwani?"

Nilikuwa nafungua mdomo simu ikaita. Mke wangu.

"Nimefika salama," akasema. "Mama anaendelea vizuri, amekunywa uji. Wewe unatafuta kichwa cha samaki?"

Nikaibana simu sikioni.

"Nilikiona jana jioni nilipokwenda kuanua nguo, nikadhani ni mbwa aliyekidondosha. Leo alfajiri nikauona ule unga uliobaki kwenye rafu nikaelewa, nikakichukua kwa jembe nikakitumbukiza chooni, na gazeti lake na unga wenyewe. Nimenawa mikono mpaka ngozi inauma."

"Chooni?"

"Kwenye shimo. Ndani kabisa. Nimemwagia na majivu juu."

Nikakaa chini. Nikajikuta kwenye ngazi ya duka la watu nikicheka huku machozi yananitiririka. Binti alidhani nimepata habari ya msiba. Mama mzee akaichukua simu mkononi mwangu, akamsikiliza mke wangu kwa muda mrefu, wakaongea Kihaya haraka haraka, kisha naye akakaa kando yangu, akashusha pumzi. Paka, tuliambiwa, alikuwa amekula majani kama kawaida yake. Alipomaliza kutapika alijilamba akaenda zake kulala juu ya magunia.

Tulirudi nyumba zote kuwaambia watu wafungue mabata. Safari hii mama mzee alitangulia, na aliongea yeye. Nadhani alikuwa ameona kwamba nimechoka.

Mke wangu alirudi siku ya pili. Nilimuuliza kwa nini hakuniamsha asubuhi ile aniambie.

"Ningekuamsha tungegombana," akasema akivua viatu, "na gari lingeniacha. Halafu nilikuwa nimekukasirikia. Nilitaka ukakitafute kidogo."

"Kidogo?"

"Sikujua kwamba simu itaisha chaji mpaka nifike Muleba."

Hatukuligusa tena jambo hilo. Wiki ile fundi seremala alikuja na mabanzi, tukajenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye waya mzito kila upande hata sakafuni. Hakuwa amenisamehe kabisa, alifanya kazi bila maongezi, lakini mlango wa banda aliutengeneza vizuri kuliko milango yetu ya ndani. Mayai ya kishingo niliyazika kwenye shimo la migomba. Nilimhuzunikia yule kuku kuliko nilivyotarajia, hasa wakati wa sala.

Mchukuaji wetu hatukumjua. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja baada ya mvua, nilikuta nyayo kwenye tope kuzunguka banda: ndogo, zenye kucha, zimezunguka mara mbili, zikasimama mlangoni, kisha zikakata kuelekea kwenye migomba. Ndani kuku walikuwa wote, wananung'unika wakitaka kutoka. Nilimwita mke wangu aje aone. Akainama akazitazama.

"Ni nini hiki?" akauliza.

"Sijui."

"Utafanyaje?"

"Nitakunywa chai," nikamwambia, na tukaingia ndani.