Nilikuwa na maduka matatu ya jezi Ruangwa na Nachingwea, nikaishia kuukimbia uwanja

Habari za jioni wakuu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wa kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Mimi ni mtu wa Ruangwa. Nilianza na fremu moja karibu na stendi: jezi, njumu, tracksuit. Huku kwetu mpira ndio kila kitu, na korosho zikishauzwa kila kijana anataka jezi mpya.

Biashara ikakubali. Nikafungua duka Nachingwea mjini, kisha la tatu kijijini Naipingo, wilaya hiyo hiyo. Watu wakaanza kuniita "Bosi Jezi".

Aisee, jina likanipanda kichwani. Nikaacha kwenda Kariakoo kuchagua mzigo, nikawa naagiza kwa picha za simu.

Timu ya Naipingo ikaingia fainali. Nahodha wao, Saidi, akaja dukani.

"Bosi, kijiji kizima kimechanga. Tuvalishe tupendeze."

Nikawapa jezi nyekundu za mzigo mpya. Wakati nabandika namba, vidole vyangu vikawa vyekundu. Niliona wakuu. Nikanawa, nikaendelea na kazi.

Siku ya fainali mgeni rasmi ni mimi, mke wangu Mwanahawa pembeni kapendeza.

Kabla ya mapumziko ikashuka mvua. Rangi ikatiririka hadi kwenye bukta nyeupe. Refa anataka kumwandikia mchezaji kadi, akimgeuza mgongoni hamna namba, imebanduka!

Uwanja ukaangua kicheko. Mama mmoja akapaza sauti, "Bosi Jezi, wanetu wanavuja damu!"

Saidi akaja hadi nilipokaa. Hakutukana.

"Bosi, hata sisi?"

Nikamwambia Mwanahawa naenda msalani. Nikapanda boda hadi nyumbani. Kombe alilikabidhi mke wangu, peke yake, kwa timu pinzani iliyoshinda.

Habari ilisambaa kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia. Duka la Naipingo likafa, la Nachingwea likafuata, mwisho hata la Ruangwa. Sasa hivi natandika turubai kwenye magulio, nauza soksi.

Juzi Mwanahawa kaniambia, "Maduka kufa sawa, ni biashara. Ila mimi uliniacha pale natazamwa na watu wote."



Nilichojifunza: mzigo mbovu watu wangenisamehe, ningebaki pale nikasema nimekosea. Kukimbia ndiko kulikonimaliza.

Nataka kurudi Naipingo nikamwone Saidi na wenzake, Mwanahawa kakubali tuende wote. Wakuu, mliowahi kurudi mlipojiaibisha, mlipofika neno la kwanza mlisema nini?